Sauti ya Mtayarishaji Mkuu

“Kamera ya pili! Sasa!”

Wendell Krasnow alibonyeza kitufe cha hedifoni yake, taa nyekundu ikawaka mezani, na picha ikahamia kamera ya pili kama alivyoagiza. Hakuna aliyemjibu. Hilo halikumsumbua. Watu waliofundwa kazi hawajibu, wanatenda.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni Los Angeles, wakati ambao New York wameshakula na wamekaa mbele ya televisheni. Tamasha la kuwaenzi wazima moto lilikuwa hewani, moja kwa moja, nchi nzima. Krasnow alikuwa katika chumba chake cha vioo nyuma ya chumba cha mitambo, ratiba ya kipindi mapajani, bakuli la lozi pembeni, akiwadharau watayarishaji wenzake.

Walikuwa kumi na wanne kwenye orodha. Wakili wa mwimbaji mkuu wa tamasha, mtayarishaji. Mwenye ukumbi, mtayarishaji. Mwanamke aliyewakutanisha hao wawili kwenye harusi, naye eti mtayarishaji! Kupe watupu. Tuzo za mwaka zilipokea majina kumi tu kwa kila kipindi, na Krasnow, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kuishika sanamu ya tuzo hizo isipokuwa ya jirani yake, alikuwa ameapa kwamba safari hii ataipata.

Wale watatu hawakukanyaga hata ukumbini, kwa hiyo kuwatoa ilikuwa kazi rahisi. Akabaki wa nne wa kutolewa, na Krasnow hakuwa na shaka ni nani. Ni Tad Brummel, mume wa mwimbaji.

Alasiri hiyo Darlene Fusco, meneja wa kipindi, mwanamke anayejua mpaka choo gani kimeziba, alipita akigawa hedifoni. Ya Krasnow alimvalisha kwa mikono yake mwenyewe.

“Hii laini ni yako peke yako, bosi. Wote utawasikia. Ukitaka kusema, bonyeza hapa, taa itawaka.”

Tad alipopewa yake, aliirudisha.

“Asante, dada Darlene, lakini zinaniharibu nywele. Nikiwa na neno nitakuja nikunong'oneze.”

Krasnow nusura ateme lozi. Mtayarishaji bila hedifoni! Kilemba cha ukoka kilikuwa kimemkaa Tad vizuri, juu ya hizo nywele zake.

Sasa jukwaani yalikuwa yanasomwa majina ya wazima moto waliokufa. Krasnow akatupia jicho ratiba, akabonyeza. “Bendera! Nionesheni bendera!”

Bendera haikuja. Kamera ilisogea polepole hadi mstari wa tatu, ikatua usoni kwa mzee aliyekuwa analia kimya, amekumbatia kofia ya chuma ya mwanawe. Upande wa pili wa kioo mtu mmoja alifuta machozi kwa mkono wa shati. Krasnow hakuwa na habari na machozi. Alikuwa amemwona Tad, ameinama begani kwa Darlene.

“Mpumbavu yule ametia mdomo wake kwenye kipindi changu,” alisema, na taa ikawaka.

Jumatatu walikutana ofisini, kahawa mezani. Darlene akasema wazi: kamati ya tuzo inataka majina kumi, watatu wameshatoka, bado mmoja. Watu wakaanza kukoroga kahawa ambazo hazikuwa na sukari.

Krasnow akasimama. Siku mbili nzima alikuwa akisubiri kusimama.

“Gil,” alimwambia fundi wa sauti, “si huwa mnarekodi kila neno linalosemwa kwenye hedifoni?”

“Kila neno, bosi.”

“Basi ichezwe yote. Ambaye sauti yake haimo, jina lake litoke. Iandikwe, na mimi nitatia sahihi wa kwanza.”

Gil alimtazama Darlene. Darlene alijitazama kucha.

“Bosi, si tupige kura tu?” alisema Darlene. “Tumalize kirafiki.”

“Kura ni za waoga. Au kuna mtu mnamlinda?”

“Hakuna.”

“Nipe kalamu basi. Debe tupu likae kati yetu kumi na moja hapa, tulisikie linavyovuma.”

Aliandika mwenyewe, akatia sahihi, akausukuma mkataba mbele ya Tad. Tad alisaini bila kinyongo, kama mtu anayepokea mzigo wa posta. Wengine wakafuata.

Gil akawasha. Ikasikika sauti ya mwongozaji, Marisol Etcheverry, akiita kamera. Ikasikika ya Darlene akihesabu sekunde. Mmoja baada ya mwingine, watu wa kazi wakazisikia sauti zao, na kila aliyeisikia yake alipumua. Krasnow alikunja mikono na kungoja zamu ya Tad kuaibika.

Dakika ya hamsini na tatu ikaja, ya mbali kidogo, sauti ya mtu anayeongea juu ya bega la mwenzake: “Dada Darlene, mwambie Marisol aachane na bendera. Yule mzee mstari wa tatu, amwone.”

Tad akainamisha kichwa. Krasnow akacheka kwa pua, akasema neno moja si utayarishaji, lakini sawa, watasikiliza mengine. Wakasikiliza mengine, mpaka makofi ya mwisho, mpaka Marisol akawashukuru wote, mpaka kukawa kimya.

“Rudisha,” alisema Krasnow.

Gil hakugusa kitu.

“Rudisha nimesema! Nimeongea saa mbili nzima mle ndani! Kila nikibonyeza, taa inawaka!”

“Inawaka, bosi,” Gil alisema kwa upole. “Kwa wakubwa huwa tunaunga taa tu.”