Mkongojo wa Kuazima

Mama mmoja wa mtaani alituazima mkongojo wa marehemu mwanawe, tuigize maisha ya huyo mwana jukwaani. Mimi mtayarishaji nikamwahidi kwamba tutamuenzi.

Siku ya mazoezi mwigizaji aliudondosha kwa bahati mbaya, sote tukaangua kicheko. Nikamwambia, "Jukwaani fanya hivyohivyo. Watavunjika mbavu."

Siku ya onyesho wakavunjika kweli. Mkongojo uliteleza hadi miguuni pa yule mama, mstari wa mbele, kwenye kiti nilichomwekea mwenyewe.

Akauokota. Akaupangusa mpira wa chini, uliolika upande mmoja, kwa ncha ya mtandio wake. Nyuma ya pazia, nikaacha kucheka.

Mwigizaji akanyoosha mkono, haya zimemjaa.

"Shika, baba," mama akamwambia. "Watu wanasubiri kucheka."