Aliulizwa Mbele ya Shangazi

Chiriku aliondoka kwenye makao yetu ya watoto Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na miaka minane. Tulimpa jina hilo kwa sababu alipoanza kuongea, baada ya miezi mitano ya kimya, hakunyamaza tena.

Shangazi yake alikuja na barua ya mahakama. Alisema kaka yake ameacha pombe, hatampiga tena mtoto. Barua ilitaka mtoto mwenyewe aulizwe, nami nikamuuliza palepale ofisini, shangazi akiwa amemshika bega.

"Mwanangu, unataka kurudi kwa baba?"

Chiriku alikitazama kidole gumba cha shangazi, kilichokuwa kikimsugua bega polepole.

"Ndiyo, mama."

"Mnaona?" shangazi akacheka. "Na mlivyokuwa mnamng'ang'ania, utadhani mmemzaa nyinyi."

Nikajaza fomu kwa mkono wangu: mtoto amekubali kwa hiari yake.

Tulimzika baada ya wiki tatu. Shangazi alilia kutushinda sote.

Siku hizi ndugu wanasubiri getini, na mtoto anaulizwa akiwa peke yake. Tangu hapo nimewauliza wanne. Wote wamesema hapana.