Bikoni Zinapanda Mlima

Siku hizi ardhi hufuata udongo. Mvua ikiuteremsha kwa jirani wa chini, bikoni za mpaka hutambaa zenyewe kupanda mlima, na kipande ulikotoka udongo kinakuwa cha jirani huyo.

Jirani wa chini wa Nakijwa alikuwa mkwewe, mume wa bintiye Nambua. Kwa hiyo hakushtuka Nambua alipokuja kukata majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta ya mama yake.

Wingu lilipotanda, Nakijwa akashuka kumsaidia. Majani hayakuwa yamekatwa. Yalikuwa yameng'olewa na mizizi, tuta baada ya tuta.

"Mwanangu, si unajua haya ndiyo yanayoshika udongo?"

"Najua, mama."

Tone la kwanza likaanguka. Nambua akajitwika mzigo, akatazama juu, kwenye jiko la mama yake.

"Usiwe na wasiwasi. Hata bikoni zikivuka jiko, tutakuacha uendelee kupika."