Tuta la Kwanza

Kwa miaka minne Mashavu alikataa kupanda gari la mbio la mumewe. Leo alikuwa amekubali, tena kavaa kitenge kipya. Ila jana Shaweji alizikata springi ili gari lilale chini, basi walipofika kwenye tuta la kwanza, tumbo la gari lilikwaruza, likakwama.

“Shuka kidogo, mke wangu, lipungue uzito.”

“Nikishuka sipandi tena maisha yangu.”

Wacheza bao waliokuwa barazani wakaangua kicheko. “Shaweji, chagua! Gari au mke?”

Shaweji alifuta jasho. “Njooni mnibebee wote wawili.”

Wanaume wanane wakalinyanyua, vigelegele vikapigwa kutoka uani. Mashavu akatoa mkono dirishani, akapunga kama bibi harusi, huku mbele yao tuta la pili likisubiri.