Shokamzoba za Fahali

"Hizi bado ngumu," Wanyama alisema, akairudisha kwenye kaunta jozi ya nne ya shokamzoba.

Gentrix, mkewe, alimhamishia mtoto bega la pili. Tangu asubuhi wako duka hili moja la spea mjini Kakamega, na bwana anabonyezabonyeza vyuma hivyo vya kupunguza mtikiso wa gari kama anayechagua maparachichi!

"Kwani Land Rover yako inabebanga nini?" muuzaji aliuliza, amechoka.

"Fahali wa kupigana. Barabara ya Malinya ni mashimo matupu. Sitaki afike uwanjani mgongo ukimuuma."

Gentrix aliitazama shokamzoba kuukuu waliyoifungua garini, iko sakafuni, imelowa mafuta. Mwezi jana gari lilimpeleka kujifungua likiwa na hiyo, katika mashimo hayo hayo. Alipolia, Wanyama alimwambia, "Vumilia tu."

Aliiokota, akamsukumizia mumewe kwenye shati lake jeupe.

"Funga hii tena. Mwambie fahali wako avumilie."