Shavu la Mama

Kabla ya kubisha hodi ukweni, walikokwenda kuposa, Gideoni alimnong'oneza mama yake, Bi Keziya, "Chakula kikija, sema umeshiba."

Tangu Bi Keziya apasuliwe uvimbe wa tezi ya mate, mbele ya sikio, kila akitafuna, shavu la upande huo hutiririka jasho. Daktari alimweleza kwamba mishipa ya fahamu ya mate ilikatwa, na ilipoota upya ikapotea njia, ikaishia kwenye tezi za jasho.

Mama wa binti akamsogezea Bi Keziya pilau na kachumbari yenye ndimu. "Kula, mkwe. Anayesusa chakula changu hapati binti yangu!"

Bi Keziya akamtazama mwanawe. Gideoni alikuwa akitazama sakafu. Bi Keziya akala, na jasho likachuruzika hadi shingoni.

"Pilipili imekuzidi, mkwe?"

"Hapana. Nilipasuliwa hapa, basi nikila natoka jasho. Mwanangu anaona aibu, alitaka niseme nimeshiba."

Masikio ya Gideoni yakamchoma. Mama wa binti akampa kitambaa yeye.

"Mfute mama yako, baba."

Akakipokea. Mkono wake ukabaki hewani kabla ya kulifikia shavu, na mama yake akaendelea kutafuna.