Spika Mpya za Kibwana

Mwanahija, fundi wa redio, alikaza skrubu ya mwisho, akaunganisha nyaya za spika mpya, akamgeukia mwenye pikipiki.

"Haya kaka, jaribu."

Kibwana hakuweka muziki. Aligusa simu, na sauti ya marehemu mkewe ikatoka chini ya kioo cha mbele cha pikipiki yake kubwa ya safari: "Mume wangu, mimi sijambo. Wewe maliza safari yako, usikimbize pikipiki."

Tangu msiba, ujumbe huo alikuwa akiusikiliza katika kila barabara, kwenye spika kuukuu zinazokwaruza. Leo kila kitu kilisikika. Mkewe alivuta pumzi kwa taabu. Na nyuma yake, mama mkwe alikuwa akimsihi: "Mwambie arudi, mwanangu. Mwambie ukweli."

Kibwana akarudia kusikiliza. Mama mkwe akasihi tena.

"Fundi, nirudishie zile za zamani."

Mwanahija aliziokota sakafuni, akazifunga. Zikakwaruza vilevile. Kibwana akainamia kioo, na katikati ya mikwaruzo akamsikia mama mkwe, palepale, akisihi.